Siyo Maji Yaliyofunga Mikono Yako

Mama,

Naanza bila kukuuliza hali, maana jibu sitalipata. Ni asubuhi, niko nyumbani hapa Keshero, nimeketi kwenye meza ya jikoni, na kalamu nimeishika kwa vidole vitatu kama mtu mwingine yeyote. Ungekuwepo ungenicheka: mwalimu mzima anajisifu kushika kalamu. Acha nijisifu. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa naandika ubaoni kwa ngumi, chaki nimeibana kati ya kidole gumba na kiganja, na watoto wa kilasi cha pili wakanipa jina la Madamu Kuku kwa sababu ya mwandiko. Nilijifanya sikusikia.

Nina mimba ya miezi minane. Hilo nilitaka ulijue kwanza. Halafu ujue kwamba mikono yangu ilikuwa imefungwa kama yako, na sasa imefunguka, na daktari ameniambia kuwa nikishazaa inaweza kufungwa tena. Ndiyo maana naandika sasa. Kuna jambo nimelibeba tangu nina miaka kumi na miwili, na kuna jingine nimeambiwa mwezi huu. Nikisubiri, huenda nisiweze kushika kalamu, au huenda hasira ikawa imepoa, na sitaki ipoe kabla hujaisikia.

Huu ni mwaka wa tatu tangu uondoke. Mambo ya hapa ni yale yale unayoyajua, ila yamesogea karibu zaidi. Shuleni kwetu familia zilizokimbia zinalala ndani ya madarasa. Asubuhi wanakunja magodoro, tunafagia, tunafundisha, na saa saba wanarudi kuanika nguo zao juu ya madawati. Kaburini kwako sijafika siku nyingi. Watu wamesimamisha turubai zao hadi katikati ya makaburi, na mara ya mwisho nilikuta mwanamke anapika mbele ya msalaba wako. Alinikaribisha. Nilikaa naye, tukala viazi, sikumwambia kaburi lile ni la nani.

Bahati, mdogo wangu, yuko Kisangani, ananipigia simu Jumapili. Gédéon, mume wangu, alikwenda Rutshuru na basi lake dogo kama kila juma, barabara ikafungwa nyuma yake, na mpaka leo yuko ng'ambo ile na mimi niko huku. Mtandao ukikubali tunaongea. Kwa hiyo napika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha nakiangalia. Nimekuwa mpweke, mama. Niliogopa kuliandika hilo neno, lakini ndilo lenyewe. Kuna siku sauti yangu ya kwanza naisikia nikiwa mbele ya wanafunzi, nikisema "simameni".

Sasa niseme nililokuja kusema.

Unakumbuka tulivyotoka Masisi? Tumbo lako lilikuwa la miezi sita. Papa alibaki nyuma na ng'ombe, akasema atatukuta njiani, na hakutukuta. Ulibeba godoro kichwani, sufuria mkono mmoja, na mkono wa pili ulinishika mimi kwa nguvu hata nikalia kwamba unanivunja. Jioni ukanisuka nywele, nikiwa nimeketi kati ya magoti yako kando ya barabara, vidole vyako vikienda mbio, eti tusiingie Goma tukionekana washamba. Wanawake tuliotembea nao walikushangaa. Mwanamke mwenye tumbo lile, na mikono ile.

Bahati alizaliwa kambini Mugunga, chini ya turubai, juu ya yale mawe meusi yasiyokubali hata kigingi. Mama mdogo Solange, ndugu yako wa damu, ndiye aliyesimamia uzazi. Alijua taratibu zote. Siku arobaini mzazi anakandwa kwa kitambaa na maji ya moto, asubuhi na jioni, tumbo, mgongo, viungo vyote. Mzazi haguswi na maji ya baridi, la sivyo baridi inamwingia ndani ya mifupa na haitoki tena. Kazi yangu ilikuwa kupasha maji. Nilijivunia kazi hiyo. Nilijua kupima joto kwa kiwiko, nilijua kuyaongezea chumvi, nilijua ni kitambaa kipi hakiparuzi.

Lakini kuni zilitoka msituni, na msituni kulikuwa na watu wenye bunduki. Wanawake walikwenda kwa makundi, na hata kwa makundi walirudi wengine hawataki kuongea. Juma la tatu risasi zililia huko siku mbili mfululizo, hakuna aliyekwenda. Asubuhi moja hatukuwa na hata kijiti. Solange alikuwa kwenye foleni ya unga. Nilisimama mbele yako na kile kibido, kidumu chetu cha maji, sijui nifanye nini, nawe ukasema, "Leta hivyo hivyo, mutoto wangu. Jua litanipasha." Nikakumwagia. Ukatetemeka, halafu ukacheka, nami nikacheka.

Juma la saba hukuweza kumwinua Bahati. Viganja vilikuwa vimevimba, vifundo vya vidole vimejaa na vina joto, na mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, sawasawa. Uliniomba nikuwekee mtoto kifuani. Solange alikuja na majani yake, akakukanda ukapiga kelele, akaacha, akauliza:

"Nani alimupatia mayi ya baridi?"

Nikasema ni mimi. Sikujua kwamba ni kitu cha kuficha.

"Basi njo weye ulimufunga mama yako mikono."

Alisema mbele ya wanawake watano, kwamba ni mimi niliyekufunga. Kufikia jioni kambi nzima ilinijua. Kwenye foleni ya maji walinionyesha kwa kidevu: "Ile mutoto ya mayi baridi, njo huyo." Na wewe, mama, ulikuwepo Solange aliposema. Nilikuangalia. Nilingoja useme kwamba ni wewe uliyeniambia nilete. Ulisema tu, "Riziki, kaangalie uji usiungue." Hakukuwa na uji. Hakukuwa hata na moto. Nilikwenda nikasimama mbele ya sufuria tupu mpaka giza likaingia.

Miaka mingi nimeishi ndani ya asubuhi ile. Tulipohamia Keshero ukafungua meza yako ya sabuni na chumvi mbele ya mlango, wateja wakajipimia wenyewe kwa sababu ulikuwa huwezi kushika kijiko, nami nilikuwa napita pale nikienda shule huku nimeinamisha kichwa. Nilikufunga vifungo vya blauzi. Nilikufungulia makopo. Nilikuchana nywele, wewe uliyekuwa ukinisuka. Kila mara nilijiambia ni deni la Mugunga hilo, na halitaisha.

Na lile beseni! Kando ya meza yako kulikuwa na beseni la maji. Mtu akija kukusalimu, ulichovya mikono haraka, kisha ukampa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama afanyavyo mtu aliyekatishwa akiosha vyombo. Mtu akashika kifundo, akaenda zake, hajui kitu. Ulikuwa mjanja. Mimi beseni lile nililichukia kupita kiasi, kwa sababu maji yake yalikuwa ya baridi. Nilikuwa namwaga ya birika ndani yake kwa siri kila asubuhi kabla ya shule. Sijui kama uliwahi kugundua.

Watu wa Gédéon walipokuja kuniposa, nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Walikuwa wazee wawili na shangazi yake. Waliongea mambo ya mvua, mambo ya barabara, halafu yule shangazi akauliza polepole kuhusu mikono ya mama, kama ni kitu cha ukoo. Solange hakupepesa jicho.

"Apana, wazee. Ile ni baridi tu. Riziki alikuwa bado mutoto, alimupatia mama yake mayi ya baridi mu uzazi. Haiko ugonjwa ya famille."

Wakacheka. Mzee mmoja akasema basi huyu bibi harusi watamfundisha kupasha maji. Wewe pia ulicheka, mama, nilikusikia. Nikaingia na chai macho chini, wakasifu heshima yangu. Walidhani ni haya ya bibi harusi.

Ulipokufa, tumbo ndilo lililokuondoa. Daktari wangu anasema vile vidonge vya maumivu ulivyonunua kwenye vibanda mwaka baada ya mwaka, bila mtu wa kukupimia, vilikula tumbo mpaka damu ikatoka. Sikujua. Nilikuwa nakuletea mwenyewe, nikiona nafanya wema.

Miezi mitatu baada ya kukuzika niliamka nikashindwa kufungua mlango. Vidole vilikuwa vimekakamaa kama si vyangu. Saa nzima, saa mbili, halafu vikalegea kidogo. Kesho yake hivyo hivyo, vya kulia na vya kushoto. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri Mungu amengoja nikuzike kwanza, ndipo anilipe. Nilikaa kitandani nikasema, sawa, ni haki. Na nikaficha. Mwaka mzima nilificha. Nilitumia mbinu zako zote, mpaka na beseni nikanunua. Gédéon alidhani nimemkasirikia kwa sababu simpi tena sahani mkononi, naisukuma juu ya meza. Tuligombana kwa ajili ya sahani, mama, na sikumwambia.

Aliyenifumania ni mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi. Alikuja kuchukua mtoto, akaninyooshea mkono, nikampa kifundo. Akakishika, hakukiachia. Akakigeuza, akabonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja, pale mlangoni mwa darasa. "Madamu, hii siyo ya kuficha," akasema. Akaniandikia jina la daktari mmoja mwanamke wa mjini, mtu wa Butembo.

Daktari alinipima damu, akanipiga picha ya mikono, akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniambia ni ugonjwa wa viungo ambao mwili unajipiga wenyewe. Mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu, akasema, na kwangu mimi walinzi hao wamekosea adui, wanashambulia viungo vya mwenye nyumba. Askari wanaopiga raia wao. Nilimwambia kwa mtu wa Goma hapo hahitaji kueleza sana. Akacheka. Kiswahili cha vitabuni, nilikuja kukumbuka baadaye, maradhi haya ya viungo kinayaita baridi yabisi, kwa hiyo kosa la kuisingizia baridi halikuanza kwa Solange.

Kabla ya kunipa dawa aliniuliza kama natafuta mtoto. Nikasema ndiyo. Akaacha dawa moja kali ambayo haipatani na mimba, akanipa nyingine. Ilinisaidia kiasi. Halafu nikashika mimba, na mwezi wa nne, asubuhi moja, nikainua birika limejaa kwa mkono mmoja. Nikaliweka chini. Nikaliinua tena. Badala ya kufurahi niliogopa. Nilikimbilia kwa daktari kama mtu aliyeumia.

Alinieleza, nami nakueleza wewe, kwa kuwa hukupata wa kukueleza. Mtoto tumboni ni nusu ya baba yake, kwa hiyo kwa mwili wa mama ni nusu mgeni. Mwili ungeweza kumfukuza. Ili usimfukuze, walinzi wanatulizwa, na miongoni mwa vinavyowatuliza ni homoni, zile chembe ambazo mwili unazituma ndani ya damu kupeleka maagizo. Wakati wa mimba homoni za kike zinapanda mno. Walinzi wanapoa, na kwa wanawake wengi wenye ugonjwa wetu viungo vinapata likizo. Siyo wote, alinionya, kuna wasiopata nafuu yoyote. Halafu mtoto anazaliwa, na homoni zile zinashuka kwa siku chache tu, ghafla, walinzi wanaamka. Majuma kadhaa, miezi miwili, mitatu, ugonjwa unarudi, na wakati mwingine unarudi na hasira. Ndiyo maana pia unashika wanawake kuliko wanaume, na ndiyo maana wengine unawaanza au unawazidi damu ya mwezi inapokatika. Homoni siyo sababu yote, akasema, na wenyewe wanaosoma mambo haya hawajayamaliza. Lakini mkono wa homoni upo.

Nikamuuliza.

"Na mayi ya baridi, dokta? Mzazi akimwagiwa mayi ya baridi?"

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza rangi ya Jumatano.

"Mayi ya baridi inafanya mutu asikie baridi, madamu. Njo hiyo tu."

Nililia pale, mama. Nililia mpaka akaweka kalamu chini na kufunga mlango. Alidhani naogopa kuzaa. Nilikuwa namlilia mtoto wa miaka kumi na miwili aliyesimama mbele ya sufuria tupu, hakuna mtu aliyekuja kumwita kwa jina lake.

Njiani kurudi nilipanga maisha yako upya. Godoro kichwani, mkono unaoniumiza kwa nguvu, nywele zangu zilizosukwa kando ya barabara: hiyo ilikuwa mimba ya Bahati. Juma la saba: homoni zimeshuka. Na ile miaka yako ya mwisho, ulipoacha hata kushika kikombe, ilikuwa baada ya damu yako ya mwezi kukatika. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilitaka kukimbia kukuambia. Nilikuwa nimefika hata kona ya kuingilia uwanja wa makaburi ndipo nikakumbuka kuwa yule mama atakuwa anapika pale, nikageuza.

Kwa hiyo nilimngoja Solange. Bado anakaa Mugunga, kwenye barabara ya Sake. Alikuja juma lililopita kwa pikipiki, amezeeka, na gunia la makaa magotini, kwa ajili ya uzazi wangu. Akaliweka chini jikoni, akasema, "Safari hii mayi ya moto haitakosa." Nikamketisha. Nikamweleza yote, homoni, walinzi, Mugunga, nikimwangalia usoni, nikingoja aseme pole. Miaka yote hiyo nilimngoja aseme pole.

Akafungua kilemba, akakifunga tena.

"Riziki, mama yako alijua haiko mayi. Vidole vilianza kumuuma bado musichana, kule Masisi, mbele papa yako hajamuoa. Bibi yetu naye alikuwa hivyo. Wote wawili walinikataza kusema."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Sasa ungetaka tuseme nini? Tuseme ni ugonjwa ya damu? Nani angekuja kukuoa? Baridi, watu wanasahau. Mama yako njo alichagua. Alisema, mutoto atalia sasa, lakini ataolewa."

Nilimwambia aende. Mama mdogo wangu, mwanamke mzee, sikumpa hata chai. Aliondoka kwa miguu, gunia likabaki.

Nimekasirika, mama. Nasema wazi kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kutodanganya, na nikiandika sentensi hiyo mkono wenyewe unacheka. Ulijua. Lile beseni sasa nalielewa. Mtu anayeamini kwamba maji ya baridi yalimmaliza mifupa hachovyi mikono humo mara kumi kwa siku. Nilipaswa kuona. Ulichovya mbele ya macho yangu, nami nikabaki nayapasha moto.

Ungeniambia mimi peke yangu. Nilikuwa najua kutunza siri. Nilikuwa mtoto wa kambi. Ningebeba lawama ile mbele ya watu kama mtu anayebeba mzigo wa mama yake, na usiku ningelala. Na siyo usingizi tu. Kama ningejua kwamba ni ugonjwa, kwamba bibi alikuwa nao, siku ile niliposhindwa kufungua mlango ningekwenda hospitalini. Nilikaa mwaka mzima nikijiadhibu. Daktari alinionyesha kwenye picha: vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, mfupa umeliwa, havitanyooka tena, hata sasa ambapo vingine vimenyooka. Vidole viwili hivyo ni bei ya ukimya wako. Siwezi kuandika kwa upole zaidi ya hapo.

Siku mbili nilikaa hivyo. Siku ya tatu nilikuwa nafagia darasa, na msichana mmoja wa wale waliokimbia alikuwa anambeba mdogo wake mgongoni, mama yao amelala tu pale pembeni. Yule mama alikuwa anamtazama binti yake. Nikajiuliza anamtazamia nini. Shamba limebaki nyuma. Ng'ombe, nyumba, vyote viko nyuma. Nikakuona wewe Mugunga, mume hajafika, mikono inafungwa, binti ana miaka kumi na miwili, na kitu kimoja tu kilichobaki cha kumpa ni kwamba watu wakiuliza ukoo wake wasisikie ugonjwa. Ukanipa hicho. Ulinipa kwa kuniumiza, lakini ulinipa. Na kweli waliuliza, na kweli niliolewa, tena na mtu mwema.

Bado nina hasira. Lakini sasa nalia pia kwa ajili yako, na mwanzoni sikuweza.

Jana saa kumi mtandao ulikubali. Nikasimama uani pale panaposhika, nikamwambia Gédéon. Nilianza kwa sauti ya chini. Akasema hasikii. Nikaongeza. Bado hasikii. Mwisho nilipiga kelele kama muuza samaki wa sambaza: "Ni ugonjwa ya kwetu! Mama alikuwa nao! Bibi alikuwa nao! Na mimi niko nao!" Siri uliyoificha kutoka Masisi hadi kaburini, mama, nimeitangaza Keshero nzima kwa sababu ya mtandao mbaya. Nikadhani simu imekatika, au yeye ndiye amekata. Halafu nikasikia:

"Sasa mutoto akizaliwa, na mimi niko huku, nani atakusaidia kumubeba?"

Hilo tu ndilo aliloona la kuuliza. Nikajibu sijui. Hatukuongea zaidi, mtandao ulikufa kweli.

Kabla hata sijaingia ndani, Mama Mwajuma jirani, mmoja wa wale watu wa Maniema wa nyumba ya kijani, alikuwa ameshafika kwenye ua. Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akavuta kitenge, akanionyesha magoti, kisha mikono. "Na miye pia," akasema. "Tangu damu ya mwezi inikatike. Nilizania ni uzee tu." Ana miaka kumi na zaidi hapo jirani, kila siku tunasalimiana juu ya ua, na sikuwahi kuiona mikono yake. Jumatatu tunakwenda kwa daktari pamoja. Na amesema yeye hawezi kumbeba mtoto vizuri, lakini ana mapaja mapana, mtoto atalazwa hapo. Alipoondoka nyumba ikawa kimya kama kawaida, nikapika cha watu wawili tena. Ila nilikila nikifikiria Jumatatu.

Daktari amenipangia dawa inayoruhusiwa wakati wa kunyonyesha, nianze mara tu nikizaa, nisingoje maumivu. Inatoka ng'ambo ya mpaka. Mpaka ukifungwa sitaipata, na hilo siwezi kulipanga. Kwa Solange nitakwenda kesho. Nitamwomba radhi kwa kumnyima chai, siyo kwa mengine. Aje anikande na maji yake ya moto siku zote arobaini akipenda; daktari anasema ni matamu tu, hayadhuru.

Na sasa nakuahidi. Tumbo hili likiwa msichana ataitwa jina lako, na kabla hajajua kusoma nitakuwa nimemwambia: bibi yako alikuwa na ugonjwa huu, na bibi yake, na mimi, siyo lazima na wewe, lakini siku vidole vikikuuma, usijiulize umemkosea nani, njoo kwangu siku hiyo hiyo. Akiwa mvulana nitamwambia vilevile, ili naye awaambie wake. Kama kuna mchumba atakayekimbia kwa kusikia hayo, akimbie mapema, nitamfungulia mlango. Mengine yote ya kwako nitayafuata, mama, hata ujanja. Hili sitalifuata.

Pumzika. Nimekulilia vya kutosha leo, na mtoto anapiga mateke, anataka nisimame.

Ni mimi, Riziki, binti yako, ambaye hakukufanya chochote.